Kutafsiri "Sir", "Mr." na wenzao kutoka Kiingereza kwenda Kihispania: mwongozo kamili

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza na Kihispania, tafuta "sir", utakuta *señor*. Tafuta "Mr.", utakuta *señor* tena. "Gentleman" itakupa *caballero*, na *señor* pembeni yake. Mtafsiri anayeishia hapo hatakosea sarufi, lakini Kihispania chake kitanuka tafsiri tangu mstari wa kwanza.

Tatizo ni mahali heshima inapokaa. Kiingereza kina "you" moja tu, ya mfalme na ya mtoto, kwa hiyo mtu akitaka kuonyesha adabu hana budi kuongeza neno la kuita: "Yes, sir", "Thank you, sir", "Right this way, sir". Kihispania kimeiweka adabu hiyo ndani ya kitenzi na viwakilishi vyake. Ukishachagua kitenzi sahihi, heshima imeshatolewa, na *señor* unayeongeza juu yake ni nyongeza. Wakati mwingine inafaa, wakati mwingine inakera.

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayefanya kazi kati ya lugha hizo mbili: mwongoza watalii wa Arusha au Zanzibar anayeandikiana na wageni kutoka Hispania, mtu wa manukuu ya filamu, mwanafunzi wa ukalimani anayeutazama Umoja wa Mataifa, ambako Kihispania ni lugha rasmi, au Umoja wa Afrika, ambako kimo kwenye orodha ya lugha rasmi pamoja na Kiswahili.

Hatua ya 1: Amua *tú* au *usted* kabla hujamgusa "sir"

Kihispania kina njia mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe". *Tú* ni ya rafiki, ndugu, mtoto na rika. *Usted* ni ya mtu usiyemfahamu, mkubwa wa umri, mteja au bosi. *Usted* lilizaliwa kutokana na *vuestra merced*, maneno ya kumtukuza mtu yaliyofupishwa vinywani kwa karne kadhaa. Ndiyo maana kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu aliyesimama kando. Utamwambia rafiki *¿Cómo estás?*, lakini mgeni *¿Cómo está usted?* Rafiki unamwambia *siéntate*, mgeni *siéntese*. Kitu cha rafiki ni *tu pasaporte*, cha mgeni ni *su pasaporte*.

Kiswahili sanifu hakina mgawanyo huo katika vitenzi. Sisi adabu yetu tunaibeba kwa shikamoo, kwa "naomba", kwa "tafadhali", kwa mzee na mheshimiwa. Kwa hiyo Mswahili anayejifunza Kihispania huwa mwepesi wa kukumbuka *señor* na mwepesi wa kusahau *usted*. Hapo ndipo huzaliwa sentensi kama *Siéntate, señor. ¿Tienes tu pasaporte?* Kitenzi kimemweka mtu kwenye daraja la mtoto, halafu neno la mwisho linamvisha kilemba. Mhispania ataelewa, lakini ataona mkono wa mtu aliyetafsiri neno moja moja.

Kwa hiyo chukua sentensi ya Kiingereza, "Sit down, sir. Do you have your passport?", na uanze na kitenzi: *Siéntese, por favor. ¿Tiene su pasaporte?* Soma tena. *Señor* hayupo, na hakuna aliyevunjiwa heshima. "Sir" wa Kiingereza ameingia ndani ya *siéntese*, ndani ya *tiene* na ndani ya *su*.

Kanuni ninayoifuata ni hii: katika mazungumzo ya kawaida, "sir" mmoja kati ya watatu au wanne ndiye anayebaki kama neno. Wengine wanaachiwa kitenzi. Hasa Kiingereza cha kusini mwa Marekani, ambako "sir" hutumika karibu kila pumzi, kikihamishwa chote kinasikika kama gwaride.

Jambo moja linalowachanganya wengi: kutumia jina la kwanza hakulazimishi *tú*. *Carlos, ¿ya comió usted?* ni sentensi safi kabisa, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini ni ya kila siku.

Hatua ya 2: Mtambue "sir" unayeshughulika naye

Neno ni moja lakini wasemaji wake si wamoja. Kabla ya kuandika chochote jiulize nani anamwambia nani, na wapi.

Mhudumu kwa mteja. Hapa *caballero* ndiye mwenye nafasi yake, hasa pale mteja hajulikani jina. "Can I help you, sir?" dukani au hotelini huwa *¿En qué puedo ayudarle, caballero?* Neno hili linasikika sana Hispania, na Chile watu hulitumia hata barabarani kumwita mwanamume wasiyemjua. *Señor* pia halina kosa. Ila kumwita mtu mtaani kwa *¡Señor!* peke yake kunaweza kumfanya ajihisi mzee, na vijana wa Hispania hulipokea neno hilo kwa uso uliokunjamana. "Excuse me, sir" hupita vizuri zaidi kwa *Perdone* au *Disculpe* tu, bila jina la kuita.

Askari kwa dereva. "Sir, step out of the vehicle" ya polisi wa Marekani si heshima hasa, ni amri iliyopakwa rangi ya adabu. Kwa Hispania, *Caballero, baje del coche* inabeba ubaridi uleule. Kwa Meksiko au Kolombia gari mara nyingi ni *carro*, na *señor* linafaa zaidi. Angalia kuwa neno la gari limebadilika pamoja na neno la adabu. Huwezi kuchagua moja ukaacha nyingine.

Mwanajeshi kwa mkubwa wake. Hapa ndipo manukuu ya filamu za vita huharibika. "Yes, sir!" imetafsiriwa *¡Sí, señor!* mara nyingi mno hadi watazamaji wameizoea, lakini askari wa Kihispania halisi humwita mkubwa wake kwa cheo, na mbele ya cheo huweka *mi*: *Sí, mi sargento*, *Sí, mi capitán*, *A sus órdenes, mi coronel*. Kama filamu imeshaonyesha cheo cha anayeitwa, tumia cheo. Kama haijaonyesha, *señor* ni kimbilio.

Mwanafunzi kwa mwalimu. Waliosoma shule zetu wanajua kwamba "sir" ni mwalimu wa kiume. Kihispania hakina desturi hiyo. "Sir, may I go out?" ni *Profesor, ¿puedo salir?*, na kwa shule ya msingi *maestro*. Watoto hufupisha wakasema *profe*. Ukiandika *señor* hapo, msomaji atafikiri mtoto anazungumza na mlinzi wa geti.

Mtoto kwa baba. Katika riwaya za zamani za Uingereza, na hadi leo katika baadhi ya familia za Marekani, mtoto humjibu baba "Yes, sir". *Sí, señor* inawezekana, na inaonyesha ukali wa nyumba hiyo. *Sí, padre* ina ukale bila ukali. Chagua kwa kuangalia baba ni mtu wa namna gani kwenye hadithi.

Mgomvi kwa mgomvi mwenzake. "You, sir, are a liar!" Hapa "sir" ni mkuki. Kihispania kina silaha yake: *señor mío*. *Usted, señor mío, es un embustero.* Ajabu ni kwamba maneno hayohayo, yakitanguliwa na *muy* na kuwekwa juu ya barua, yanakuwa salamu rasmi ya adabu. Tutafika huko.

Kuna pia "Sir?" ya kuuliza, pale mtu hajasikia vizuri. Meksiko watajibu *¿Mande?*, jibu la adabu linalofundishwa watoto tangu wadogo. Hispania utasikia *¿Cómo dice?* au *¿Perdón?* Na tahadhari: *Sí, señor* katika mazungumzo ya kawaida inaweza isiwe heshima yoyote, ikawa msisitizo tu, kama sisi tunavyosema "naam, hasa!".

Hatua ya 3: "Mr." na jina linalomfuata

Hii ndiyo hatua yenye makosa mengi kuliko zote, na Waswahili tuna sababu yetu ya pekee ya kuikosea. Kwetu "Mr. Juma" na "Mr. Mwakyusa" ni sawasawa. Tunabandika "Mr." mbele ya jina lolote lile, la kwanza au la ukoo. Kihispania kinatenganisha.

*Señor* hukaa mbele ya jina la ukoo: *señor García*. Linaweza pia kukaa mbele ya jina kamili: *señor Antonio García Molina*.

*Don* hukaa mbele ya jina la kwanza: *don Antonio*, au *don Antonio García*. *Don García*, pale García ni jina la ukoo, ni kosa, na ni kosa linalosikika.

Kwa hiyo "Mr. Juma" wa ofisini kwako, kama Juma ndilo jina lake mwenyewe, ni *don Juma*. Na kwa kweli *don* linakaribiana sana na "mzee" wetu wa heshima. Katika kijiji cha Meksiko au Ekuado, *don Antonio* ni yule mwenye duka, mwenye umri, anayesalimiwa na kila apitaye. Hata tajiri au msomi si lazima awe. Tofauti ni kwamba kwenye karatasi rasmi za Hispania *don* huandikwa kwa mwanamume mzima yeyote, na kwa watu wa ukoo wa kifalme magazeti huandika *don Felipe*, *don Juan Carlos*.

Zamani neno hilo halikuwa la kila mtu. Lilikuwa la wenye ukoo, na anayejipachika alichekwa. Katika sehemu ya pili ya *Don Quijote*, kitabu cha Cervantes, ya mwaka 1615, mtumishi Sancho anamletea bwana wake, Don Quijote, habari za kijijini: makabaila wadogo wanalalamika kwamba amejivika *don* asiyostahili. Leo utani huo unahitaji maelezo, maana *don* limeshashuka hadi kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Sasa suala la majina mawili ya ukoo. Mhispania au Mmeksiko huwa na jina la ukoo la baba, kisha la mama. Gabriel García Márquez si "Mr. Márquez". Ni *señor García Márquez*, au *señor García*. Mario Vargas Llosa ni *señor Vargas Llosa*. Kiingereza huchukua jina la mwisho kwa mazoea, kwa hiyo barua ya Kiingereza iliyo mbele yako inaweza kuwa imeshakosea. Mgeni aliyeandika kwenye fomu "Antonio García Molina" akaitwa "Mr. Molina" na mfumo wa hoteli, wewe mrudishie García yake. Isipokuwa pale mtu mwenyewe anajulikana kwa jina la pili, kama waziri mkuu wa zamani wa Hispania José Luis Rodríguez Zapatero, aliyeitwa Zapatero na nchi nzima kwa sababu kina Rodríguez ni wengi mno.

Mke hachukui jina la mume, na hili linaigusa "Mr. and Mrs. García" moja kwa moja. *Los señores García* inakubalika kwenye mwaliko, lakini ukiwa na majina yote mawili, *el señor García y la señora López* ni salama zaidi.

Kuna na neno dogo *el*. Ukimzungumzia mtu, liweke: *El señor García llega mañana*. Ukizungumza naye uso kwa uso, liondoe: *Buenos días, señor García*. *Don* halihitaji *el* kamwe: *Don Antonio llega mañana*. Waliozoea Kiingereza huandika *Señor García llega mañana*, na hilo ni kosa la kufuta kila unapoliona.

"Jr." baada ya jina ni *hijo*. "Master" kwenye bahasha ya mtoto wa kiume achana nalo. *Señorito* litakalokupendekezea kamusi limekuwa neno la kumkejeli kijana wa kitajiri asiyefanya kazi. Na *míster*, ukilikuta kwenye habari za michezo za Hispania, si "Mr." hata kidogo. Ni kocha wa mpira.

Hatua ya 4: Uliza nchi

Kihispania ni lugha ya nchi zipatazo 20, na adabu haifanani. Usipojua msomaji wako yuko wapi, uliza aliyekupa kazi. Si swali la kijinga. Ni swali linaloonyesha unajua kazi.

Hispania imeegemea *tú* sana. Vijana, maduka, hata wanafunzi wa chuo kikuu na walimu wao, *tú* ni kawaida. *Usted* imebaki kwa wazee, benki, mahakama, hoteli nzuri na barua rasmi. Kwa hiyo maandishi ya Kiingereza yenye "sir" mengi, yakienda Hispania, yanahitaji kupunguzwa kuliko yakienda penginepo.

Kolombia ni kinyume. Bogotá na nyanda za juu watu hutumia *usted* hata kwa marafiki na ndugu wa damu, na Boyacá wana *sumercé*, neno la upole lililotokana na *su merced*. Huko pia *doctor* hutolewa kwa ukarimu mkubwa: mwanasheria, meneja, mwanasiasa, yeyote mwenye ofisi na tai anaweza kuitwa *doctor* bila kuwahi kumpima mtu presha. "Sir" ya karani kwa bosi wake, kwa msomaji wa Bogotá, ni *doctor* mara nyingi kuliko *señor*.

Meksiko hushika shahada. *Licenciado*, kwa kifupi *Lic.*, ni mwenye shahada ya kwanza, hasa mwanasheria. *Ingeniero* ni mhandisi, *arquitecto* msanifu majengo, na fundi stadi huitwa *maestro*. "Mr. Ruiz" anayesaini kama *Lic. Ruiz* mwite *licenciado Ruiz*. Ukimrudisha kwenye *señor* umempunguzia. Tena Meksiko mhudumu wa mgahawa huitwa *joven*, "kijana", hata kama ana mvi. Ajentina mhudumu huyohuyo ni *mozo*.

Kosta Rika nayo hutumia *usted* kwa upana, hata kwa watoto. Ajentina, na kwa kiasi kikubwa Uruguay, hawana *tú* ya kawaida bali *vos*, yenye vitenzi vyake: *vos tenés*, *vos sos*. Kwa heshima wanarudi kwenye *usted* kama wengine, kwa hiyo "sir" halikupi shida huko. Shida ni pale wahusika wanapozoeana na heshima inashuka.

Kuna "comrade" pia. Kikomunisti ni *camarada*. Kwa wasoshalisti wa Hispania na vyama vya wafanyakazi ni *compañero*, na Kuba baada ya mapinduzi ya 1959 *compañero* lilichukua sehemu kubwa ya nafasi ya *señor*. Mtanzania aliyekulia kwenye "Ndugu" hahitaji kuelezwa zaidi. Hata "Ndg." yetu ya kwenye barua ina ndugu yake: karatasi za serikali ya Meksiko huandika *C.* mbele ya jina, yaani *ciudadano*, raia.

Hatua ya 5: Barua na barua pepe

"Dear" ndilo jiwe la kwanza la kujikwaa. *Querido* ni la mtu unayempenda. "Dear Mr. García" ni *Estimado señor García:*, na baada yake huja nukta mbili, si mkato. Mkato hapo ni alama ya vidole ya Kiingereza.

"Dear Sir", bila jina, ina njia kadhaa. *Estimado señor:* inafaa popote. *Distinguido señor:* ni rasmi zaidi. *Muy señor mío:* ni ya Hispania, ya mtindo wa zamani, na bado utakutana nayo kwenye barua za benki na za mawakili. Peru na nchi za kusini huandika *De mi consideración:* au *De mi mayor consideración:*, bila kumtaja mtu kabisa. "Dear Sirs" ni *Estimados señores:* au *Muy señores míos:*. "To whom it may concern" ni *A quien corresponda:* kwa Amerika ya Kilatini, na Hispania hupendelea *A quien pueda interesar:*. Kufunga, *Atentamente* inatosha karibu kila mahali.

Kwenye bahasha au juu ya barua, "Mr. Antonio García Molina" huandikwa *Sr. D. Antonio García Molina*, maneno mawili ya heshima kwa pamoja, na hayagombani.

Tufanye moja nzima. Kampuni ya safari imeandika hivi:

"Dear Mr. Molina, Thank you for your email, sir. We are pleased to confirm your booking for four nights. Please send us a copy of your passport, and kindly let us know, sir, what time your flight lands. Yours sincerely,"

Mgeni ni wa Sevilla, jina lake kamili kwenye fomu ni Antonio García Molina. Tafsiri:

*Estimado señor García Molina:*

*Le agradecemos su correo. Nos complace confirmarle su reserva de cuatro noches. Le rogamos que nos envíe una copia de su pasaporte y que nos indique la hora de llegada de su vuelo.*

*Atentamente,*

"Sir" wote wawili wametoweka. Badala yao hesabu: *le*, *su*, *le* iliyofichwa ndani ya *confirmarle*, *su*, *le*, *envíe*, *su*, *indique*, *su*. Mara tisa mgeni ameheshimiwa katika sentensi tatu, na hakuna mara moja iliyomlazimu kusikia neno *señor* baada ya salamu. Na "Please" hakuwa *por favor*. Kwenye barua *le rogamos que* linakaa vizuri zaidi, kama "tunakuomba" inavyoishinda "tafadhali" ya tangazo la ukutani.

Hatua ya 6: Wenye vyeo

"Sir" wa Uingereza, yule aliyepewa na mfalme, hatafsiriwi. Hubaki *sir*, kwa herufi ndogo: *sir Winston Churchill*. Usimwite *señor* wala *caballero*, ingawa *caballero* kwa maana ya zamani ni mpanda farasi wa vita na ndiye hasa cheo hicho kinamtaja. Na hapa Kiingereza kinafuata sheria ileile ya *don*: ni *sir Winston*, haiwezi kuwa *sir Churchill*. "Lord" pia hubaki, ila wingi wake umechukua sura ya Kihispania: *la Cámara de los Lores*.

"Esquire" anadanganya. Kwa Mwingereza wa zamani, "John Smith, Esq." ni "Mr." aliyevaa suti, kwa hiyo *D. John Smith* inatosha. Kwa Mmarekani wa leo "Esq." ni wakili. Huyo ni *abogado*, au *Lic.* kama anaandikiwa Meksiko.

Mahakamani, "Your Honor" na "My Lord" ya majaji ni *señoría* au *su señoría*. Msiandike *mi señor*, hiyo ni ya kabaila na mtwana wake. Hispania wabunge nao huitana *señoría*, na spika akiwahutubia wote huanza *Señorías*. "Mr. Speaker" na "Mr. Chairman" wote ni *señor presidente*. Kwa jumla "Mr." mbele ya cheo haisumbui: *señor embajador*, *señor ministro*, *señor alcalde*.

"His Excellency" inahitaji uangalifu. *Su Excelencia* au *Excelentísimo señor*, kifupi *Excmo. Sr.*, bado ni desturi ya kidiplomasia. Lakini Hispania ilipopitisha kanuni zake za utawala bora mwaka 2005, iliamua mawaziri waitwe *señor* au *señora* na cheo chao, basi. Ukimwandikia waziri wa Hispania leo, *señor ministro* ndiyo njia iliyonyooka. Na kisarufi, ingawa *Majestad* na *Excelencia* ni maneno ya kike, sifa inayokuja baada ya kitenzi humfuata mtu: *Su Majestad está cansado*, kama ni mfalme.

Mapadre ni *padre*, wachungaji *pastor* au *reverendo*, maaskofu *monseñor*. Watawa wa kiume wa mashirika ya zamani huitwa *fray* mbele ya jina: *fray Luis*.

Filamu za enzi za mapanga na ngome zina kanuni yake. Huko wahusika hutumia *vos* ya utukufu na vitenzi vya wingi: *Vos sabéis, señor, que os he servido bien.* Usiichanganye na *vos* ya Ajentina. Hizo mbili zina asili moja lakini hazikai meza moja.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Kwanza herufi. *Señor*, *don*, *usted*, *doctor*, yakiandikwa kwa ukamilifu, ni herufi ndogo katikati ya sentensi. Vifupisho ni herufi kubwa na nukta: *Sr.*, *D.*, *Ud.* au *Vd.*, *Dr.* Ukiandika *el Señor* kwa herufi kubwa bila jina, umemtaja Mungu, kama vile kwetu "Bwana" inavyobadilika ikifika kanisani. Usisahau mkato kabla ya kuita: *Gracias, caballero*.

Pili, tafuta kwenye faili lako *tu*, *te*, *tus*, *ti*, *contigo*, na vitenzi vyote vinavyoishia na *-s* ya *tú*. Mashine za kutafsiri zina tabia ya kuanza na *usted* na kuteleza kwenye *tú* sentensi ya tatu, kwa sababu "sir" alionekana sentensi ya kwanza tu. Kama kuna hata *tu* moja iliyopotea kati ya *su* kumi, msomaji ataiona hiyo.

Tatu, soma kwa sauti na ufute kila *señor* ambaye akiondoka hakuna kinachopungua.

Na barua ikirudi kutoka Sevilla ikiwa na *Hola* juu, *Antonio* chini, na katikati *tutéame, por favor*, yaani "niite *tú*, tafadhali", basi *usted* amestaafishwa na mwenyewe. Geuza kila kitu siku hiyohiyo: *le* iwe *te*, *su* iwe *tu*, *envíe* iwe *envíes*, na *Estimado señor García Molina* awe *Hola, Antonio*. Kung'ang'ania *usted* baada ya hapo kutasomeka kama umekataa mkono alionyoosha.